Mkandarasi Amelipwa, Fundi Hajalipwa: Tathmini ya Huduma ya Ujenzi Jijini Tanga

Tathmini hii inahusu kampuni ya ukandarasi iliyonijengea nyumba ya vyumba vitatu Mwakidila, jijini Tanga, kwa mkataba wa ufundi pamoja na vifaa, ambao chini yake mimi nililipa kwa awamu na kampuni ikanunua saruji, nondo, mbao, bati na vingine vyote mpaka siku ya kukabidhiana funguo. Kwa ujenzi wenyewe naipa alama za juu. Kwa namna ilivyowalipa mafundi iliowaita kufanya sehemu za kazi hiyo siipi hata nusu, na maelezo yangu mengi yatakuwa juu ya jambo hili la pili, kwa sababu ndilo lililofika mlangoni kwangu na ndilo ambalo wenye nyumba wengi hapa mjini hulikabili bila kujua haki yao inaanzia wapi na inaishia wapi. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa sehemu ya deni ninalolieleza haijalipwa na wahusika bado wanadaiana.

Nianze na sifa, maana ni za kweli. Anayejenga Tanga karibu na bahari anajua kwamba adui wa kwanza wa nyumba ni chumvi iliyomo hewani, ambayo hula misumari, bawaba na nondo za madirisha kabla rangi haijapauka, na hupenya kwenye zege lililofunika nondo kwa unene mdogo mpaka nondo zikavimba kwa kutu na kulipasua. Msimamizi wa kampuni hii alilijua hilo vizuri. Kabla ya kumwaga zege la nguzo na linta aliwekea nondo vipande vya zege chini na pembeni ili zisiguse mbao, na zege lilipokauka liliendelea kumwagiliwa maji asubuhi na jioni, hata siku ambazo vibarua walinung'unika kwamba mvua ya jana inatosha. Saruji iliyotumika ni ile inayotengenezwa Pongwe, jirani na mji, na ilifika kiwanjani ikiwa mpya, haijaganda pembeni mwa mfuko. Paa halivuji, sakafu haina mabonde, na madirisha ya aluminiamu, ambayo yatatajwa sana hapa chini, yanafunguka kwa kidole kimoja. Kasoro nilizoziona ni mbili tu: bomba chini ya sinki la jikoni lilikuwa likivuja, na dirisha moja la upande wa kusini lilikuwa likipitisha maji mvua ilipokuja na upepo wa kusi.

Kampuni imesajiliwa, na hilo nilihakikisha kabla ya kusaini kwa kutafuta jina lake katika orodha ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, ambacho huwapanga makandarasi wa majengo katika madaraja saba, la kwanza likiwa la wenye uwezo wa kazi kubwa kabisa na la saba likiwa la wenye kazi ndogo kama yangu. Bango lao lilisimama kiwanjani tangu kuchimbwa kwa msingi. Usajili una faida, kwa sababu humpa mwenye nyumba mahali pa kupeleka malalamiko na humwambia kwamba anayeshughulika naye ni kampuni yenye anwani, tofauti na mtu mwenye simu mbili na kofia ya plastiki. Hata hivyo, orodha ile haisemi kama kampuni huwalipa mafundi wake kwa wakati, na sijui njia nyingine ya kulijua hilo isipokuwa kuwauliza mafundi wenyewe, jambo ambalo katika mji wenye ukubwa wa Tanga si gumu, maana fundi wa vigae wa Makorora anamjua fundi wa umeme wa Chumbageni, na wote wanajua nani hulipa Jumamosi na nani huzima simu Ijumaa.

Madai yalikuja baada ya sisi kuhamia. Fundi wa aluminiamu, kijana mwenye karakana yake Ngamiani, alibisha hodi akiwa na daftari la vipimo na karatasi ya makubaliano kati yake na kampuni. Alinisalimu kwa adabu, "Shikamoo, mwalimu," kisha akaeleza kwamba kwa madirisha yote na milango miwili ya kuteleza amepata malipo ya awali peke yake, kwamba msimamizi hapokei tena simu yake, na kwamba salio lake ni shilingi 4,850,000. "Kampuni mimi siioni, mwalimu, ila madirisha yangu nayaona hapa kwako. Nisipolipwa nitakuja na vijana tuyatoe." Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayeeleza utaratibu wa kawaida wa kazi yake, na baadaye nilikuja kufahamu kwamba mafundi wengi wanaamini kwa dhati kuwa kitu kisicholipiwa ni chao popote kilipofungwa.

Upande wangu nilikuwa na mkataba wa shilingi milioni 68, stakabadhi za awamu zote, na asilimia 5 iliyobaki, yaani shilingi 3,400,000, ambayo mkataba uliniruhusu kuizuia kwa miezi sita ya kipindi cha matazamio ili kampuni irudi kurekebisha kasoro zitakazojitokeza. Swali likawa moja: mtu aliyekwisha kumlipa mkandarasi anaweza kudaiwa tena na fundi ambaye mkandarasi hakumlipa?

Kwa ushauri nilikwenda katika kituo kimoja cha msaada wa kisheria mjini, nacho kinastahili tathmini yake fupi. Foleni ilikuwa ndefu na benchi lilikuwa moja, lakini wakili wa zamu alisoma mkataba wangu ukurasa kwa ukurasa kabla ya kutoa neno lolote, na swali lake la kwanza halikuwa juu ya kampuni. Aliuliza, "Fundi alipokuja, wewe ulimwambia nini, mama?" Nilipomjibu kwamba nilimwambia nitafuatilia, akataka kujua kama nilisema nitafuatilia au nitalipa, na akaniandikisha maneno yale kama nilivyoyakumbuka, pamoja na tarehe. Umuhimu wa swali lile niliuelewa alipofika mbele ya maelezo yake.

Msingi wa jibu lake ulikuwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na kanuni ya siku nyingi kwamba mkataba huwafunga walioufanya. Katika nyumba yangu kulikuwa na mikataba miwili iliyokaa mmoja juu ya mwingine: wa kwanza kati yangu na kampuni, wa pili kati ya kampuni na fundi. Fundi hayumo katika wa kwanza, nami simo katika wa pili. Sikumchagua, sikukubaliana naye bei, sikumpa malipo ya awali, wala sikuwa na uwezo wa kumwondoa kazini. Kwa hiyo aliyekosa ujira anamdai aliyempa kazi, na kifungu cha 73 cha sheria hiyo kinampa haki ya fidia kwa hasara iliyotokana na kuvunjwa kwa mkataba wake. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa miaka sita ya kufungua shauri la namna hiyo, hivyo mlango wa mahakama uko wazi kwake kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani.

Wakili hakuishia kwenye upande unaonifurahisha, na hapo ndipo nilipomwona kuwa mshauri wa kweli. Alinionyesha kifungu cha 70, kinachosema kwa maana yake kwamba mtu akimfanyia mwenzake jambo kwa njia halali, bila nia ya kulifanya bure, na huyo mwenzake akafaidika nalo, basi aliyefaidika anapaswa kulipa au kurudisha. Fundi mwenye mshauri mwerevu angeweza kukishika kifungu hiki na kusema: mwalimu anafungua na kufunga madirisha yangu kila siku, na alipe faida yake. Jibu la hoja hiyo ni kwamba fundi hakunifanyia mimi kazi. Aliifanyia kampuni, kwa bei aliyopatana na kampuni, na mimi kwa faida hiyo nimekwisha kulipa, kwa sababu bei ya madirisha ilikuwamo ndani ya milioni 68. Laiti ningekuwa sijamlipa mkandarasi chochote kwa ajili ya madirisha, hoja ya fundi ingekuwa na uzito mwingine, na ndiyo maana mwenye nyumba asiyeweza kuonyesha stakabadhi za awamu zake anasimama mahali pabaya hata kama alilipa kweli. Ujumbe wa simu wa malipo nao ni ushahidi, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa mahakamani, ila ni vyema kuzichapisha mapema, kwani simu huibiwa na huanguka chooni.

Kisha akaeleza njia ambazo mwenye nyumba huingia mwenyewe ndani ya deni ambalo halikuwa lake. Ya kwanza ni kauli. Mwenye nyumba anayemwambia fundi "wewe malizia tu, kampuni isipokulipa nitakulipa mimi" anaweza kuwa ametoa ahadi ya dhamana, na ahadi hiyo humfunga hata kama hakuna karatasi, ikiwa fundi atathibitisha kwamba aliendelea na kazi kwa kuitegemea. Wengi wetu husema maneno kama hayo kwa upole wa pwani, ili mgeni asiondoke na uso wa huzuni. Sasa nimeelewa kwa nini wakili alitaka kujua nilitamka neno gani.

Ya pili ilinihusu moja kwa moja. Mlango wa kuteleza wa baraza ya nyuma haukuwamo katika ramani wala katika mchanganuo wa gharama. Mume wangu aliuomba kwa fundi mwenyewe, ana kwa ana, wakati kazi ikiendelea, wakapatana shilingi 650,000, na kampuni haikuhusishwa. Hapo hapakuwa na mikataba miwili iliyopandana. Palikuwa na mmoja, kati ya nyumba yangu na fundi, na deni lake lilikuwa halali kabisa juu yetu, ingawa fundi alikuwa amelichanganya na deni la kampuni katika hesabu moja. Tulimlipa siku ile ile, kwa stakabadhi iliyotaja mlango huo peke yake na si "sehemu ya deni", kwa sababu stakabadhi inayosema mwenye nyumba amelipa sehemu ya deni inaweza kusomwa baadaye kama kukiri deni lote. Salio la madai likabaki shilingi 4,200,000, na hilo lilikuwa la kampuni.

Ya tatu inahusu fedha ambazo mwenye nyumba bado hajamlipa mkandarasi. Fundi akimshtaki mkandarasi na kushinda, anaweza kuiomba mahakama, katika kutekeleza hukumu, ikamate deni ambalo mkandarasi anamdai mtu mwingine. Amri ikitoka, mwenye nyumba anazuiwa kumlipa mkandarasi salio hilo mpaka mahakama iseme vinginevyo, na akiipuuza amri anajitia katika hatari ya kulipa mara mbili. Kabla ya amri hiyo, barua ya fundi, hata iwe na muhuri wa aina gani, haina nguvu ya kuzuia malipo. Baada yake, hata simu ya kirafiki kutoka kwa mkandarasi haitoshi kuyaruhusu.

Kuhusu tishio la kung'oa madirisha, sheria haina utata. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inapoeleza maana ya ardhi inajumuisha majengo na vitu vilivyofungwa humo kwa kudumu, na fremu ya aluminiamu iliyopigiwa skrubu ukutani na kuzibwa kwa plasta imekwisha kuwa sehemu ya nyumba. Anayeingia bila idhini na kuing'oa hadai tena. Anafanya kosa la jinai la kuingia kwa nguvu na la kuharibu mali, na deni lake la kweli halimkingi. Vivyo hivyo kwa mwenye duka la vifaa aliyempa mkandarasi saruji kwa mkopo: saruji ikishakuwa ukuta, kilichobaki mikononi mwa muuzaji ni deni dhidi ya aliyenunua.

Mambo hugeuka kwa kitu ambacho bado kiko karakana. Seremala aliyetengeneza milango ya ndani alikuwa amebaki na miwili, akakataa kuitoa mpaka kampuni imlipe ujira wake, na wakili alinieleza kwamba seremala huyo yuko katika nafasi nzuri kuliko mwenzake wa madirisha, kwa kuwa sheria inamruhusu fundi aliyetia kazi yake katika mali aliyokabidhiwa kuishikilia mpaka alipwe kwa kazi hiyo. Milango ilikuwa yangu kwa maana kwamba niliilipia kampuni, lakini njia ya kuipata ilikuwa kuibana kampuni na si kwenda karakana kugombana. Kampuni ilimlipa seremala baada ya barua yangu ya kwanza, pengine kwa sababu nyumba isiyo na mlango wa chooni hainyamazishiki.

Fundi wa madirisha alipeleka shauri lake ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti alituita, akatusikiliza kwa subira ya kupigiwa mfano, na pendekezo lake likawa lile ambalo wengi wangelitarajia: kampuni itoe kidogo, mwalimu atoe kidogo, fundi asamehe kidogo, watu waishi kwa amani. Nia ilikuwa njema na nilimshukuru, lakini nilikataa kwa heshima, kwa sababu ofisi ya mtaa ni mahali pa kupatana na si mahakama, na mwenye nyumba anayekubali "kutoa kidogo" mbele ya mashahidi, kwa maandishi yanayogongwa muhuri, ametengeneza mwenyewe mkataba ambao haukuwapo. Niliomba jambo moja tu liandikwe, kwamba fundi hatagusa madirisha wakati mazungumzo yanaendelea, naye akasaini. Kwa hilo moja, kikao kile kilikuwa na thamani kubwa. Polisi hatukwenda, wala hapakuwa na haja, maana deni la mkataba ni shauri la madai, na kituo cha polisi kinahusika pale tu mtu anapovunja au kutishia kwa namna inayofikia kosa.

Hapa kuna jambo ambalo limewachanganya baadhi ya majirani zangu, hasa wenye watoto wanaosoma au kufanya kazi ng'ambo, ambao huambiwa kwa simu kwamba fundi asiyelipwa anaweza "kuifunga" nyumba. Huko Marekani ni kweli. Sheria za majimbo mengi humpa mkandarasi mdogo na hata muuza vifaa haki ya kusajili dai lake juu ya nyumba yenyewe, hata kama mwenye nyumba amemlipa mkandarasi mkuu kila senti, na dai hilo lisipoondolewa nyumba inaweza kufikia kuuzwa kwa amri ya mahakama. Sheria ya kwanza ya namna hiyo nchini humo ilitungwa Maryland mwaka 1791, wakati jiji la Washington lilipokuwa likijengwa na wajenzi wakihitaji kuhakikishiwa malipo. Katika jimbo la California, kwa mfano, mkandarasi mdogo anatakiwa kumpa mwenye nyumba notisi ya awali ndani ya siku 20 tangu aanze kazi au kuleta vifaa, ili mwenye nyumba ajue mapema ni nani walio chini ya mkandarasi wake. Ushauri wa mwanao aliyeko huko ni sahihi kwa huko. Kwa Tanzania, fundi wa madirisha anayedai ujira hapati kwa deni hilo peke yake haki juu ya kiwanja changu, na deni lake linabaki kuwa deni kati yake na aliyempa kazi.

Hata hivyo, Wamarekani wana desturi moja ambayo imenipendeza na ambayo haihitaji sheria mpya: mwenye nyumba hatoi awamu mpaka mkandarasi alete hati iliyosainiwa na kila mkandarasi mdogo, ikikiri kwamba amelipwa kwa kazi ya awamu iliyopita na hana dai. Karatasi ya namna hiyo inaweza kuandikwa kwa Kiswahili cha mistari mitano, Mwakidila au Raskazone, bila kumsumbua mtu. Kampuni yangu haikuwa na utaratibu huo, na ndiyo sababu yangu kubwa ya kuipunguzia alama.

Nilipofanikiwa kumpata mkurugenzi wa kampuni, maelezo yake yalikuwa ya wazi kuliko nilivyotarajia. Alikiri kwamba fedha za awamu yangu ya umaliziaji zilitumika kusogeza kazi nyingine iliyokuwa imekwama Muheza, kwa matumaini kwamba mwenye kazi ile angelipa na pengo lingezibwa. Ni mchezo wa makandarasi wadogo wengi, ambao hujenga nyumba ya huyu kwa fedha za yule, na kila mmoja hukabidhiwa nyumba yake isipokuwa fundi wa mwisho katika foleni. Sisemi kwamba alikuwa na nia ya kudhulumu. Nasema kwamba hatari ya biashara yake aliibebesha kijana mwenye karakana yenye mashine moja ya kukatia aluminiamu.

Njia iliyopatikana ilipita katika ile asilimia 5. Ingekuwa rahisi kumkabidhi fundi fedha hizo na kufunga mjadala, lakini wakili alinionya kwamba mwenye nyumba anayemlipa fundi moja kwa moja bila idhini ya mkandarasi anaweza kudaiwa na mkandarasi kiasi kile kile, kwa kuwa mkataba wao unasema mlipwaji ni mkandarasi. Sheria ya Mikataba, katika kifungu cha 69, inamtambua mtu anayelipa deni ambalo mwingine analazimika kulilipa, mradi yeye mwenyewe ana maslahi katika malipo hayo, na inampa haki ya kurudishiwa. Lakini kama mwenye nyumba ana maslahi ya namna hiyo ni hoja ya kubishaniwa mahakamani, na busara ni kutoifikisha huko. Kwa hiyo tuliandika makubaliano ya watu watatu. Kampuni ilikiri deni la 4,200,000, ikaniidhinisha kumlipa fundi kutoka katika salio lake, na ikakubali kwamba kila shilingi nitakayompa fundi inahesabika kuwa nimeilipa kampuni. Fundi alikiri kwamba hana dai lolote dhidi yangu wala dhidi ya nyumba. Nilimlipa 2,000,000 pale pale, na 1,400,000 zilizobaki tukakubaliana zisubiri mwisho wa kipindi cha matazamio na marekebisho ya dirisha linalopitisha maji, dirisha ambalo, kwa haki, fundi alilirekebisha juma lile lile kwa kubadilisha mpira na kutoboa upya matundu ya kutolea maji kwenye reli.

Makubaliano hayo yana gharama yake, na mwenye kutaka kuyaiga aijue. Asilimia 5 ilikuwa kamba yangu ya kuivutia kampuni irudi kurekebisha kasoro. Ilipogeuka kuwa fedha ya fundi, kampuni haikuwa na la kuirudisha, na bomba la sinki la jikoni lilitengenezwa na fundi bomba niliyemtafuta mwenyewe. Fundi naye bado anaidai kampuni shilingi 800,000, ambazo atazifuata kwa njia zake, akiwa na kukiri deni kwa maandishi mkononi, jambo ambalo hakuwa nalo mwanzo.

Vibarua waliochimba msingi sikuwataja kwa sababu walilipwa kila siku kwa mkono. Laiti wangekosa ujira, njia yao ingekuwa tofauti na ya fundi mwenye mkataba, kwa kuwa wao ni waajiriwa na mwajiri wao ni kampuni. Malalamiko yao hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina muda mfupi wa kupokea migogoro, siku 60 kwa madai ya kawaida na siku 30 kwa mtu anayelalamikia kuachishwa kazi, hivyo anayesubiri kwa hisani ya msimamizi hupoteza haki kwa kusubiri.

Kwa muhtasari wa alama: ubora wa zege, paa na sakafu, tisa kwa kumi, usimamizi wa kiwanja na usafi, nane, uwazi wa mchanganuo wa gharama, sita, kwa kuwa haukuonyesha kazi zipi zitafanywa na watu wa nje, malipo kwa mafundi, tatu, na hizo tatu ni kwa sababu mkurugenzi alikuja, akakaa kwenye kiti cha plastiki barazani, na akasaini mbele ya wakili bila kubadilisha maneno. Kituo cha msaada wa kisheria nakipa tisa. Moja imepungua kwa ajili ya benchi.

Kampuni hiyo hiyo imeniletea makadirio ya ukuta wa uzio, na bei yao iko chini kuliko za wengine wawili niliowauliza. Nimewarudishia rasimu ya mkataba yenye nyongeza tatu: majina na simu za mafundi wote wa nje yaandikwe kabla kazi haijaanza, kila awamu itolewe baada ya hati za mafundi kukiri malipo ya awamu iliyopita, na mimi niwe na idhini ya kumlipa fundi moja kwa moja kutoka katika salio la kampuni endapo atacheleweshewa kwa zaidi ya siku 14 baada ya mimi kulipa. Wamekubali ya kwanza na ya pili. Ya tatu wanaijadili, na wasipoikubali uzio utajengwa na kampuni nyingine kwa bei ya juu zaidi.